Orodha ya shule itufikie Oktoba, si tukiwa juu ya ngazi

Kwa Mhariri,

Jumanne tarehe 30 Desemba 2025, mwendo wa saa kumi na moja jioni, nilikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba yetu hapa Lanet, Nakuru. Mkono mmoja umeshika gata, mwingine nyundo, na misumari miwili nimeibana midomoni jinsi ninavyobana pini ninaposhona. Kijana wangu mkubwa alikuwa chini ameikaza ngazi isiteleze. Simu ikalia mfukoni mwa aproni, ule mlio mfupi wa ujumbe. Nikamwambia binti yangu aichukue asome, kwa maana siku za mwisho wa mwaka ujumbe huwa ni wa mteja anayetaka nguo yake au wa jamaa anayetaka kukopa.

Alisoma kwanza kimoyomoyo, nikamwona uso umebadilika.

"Mama, ni shule."

"Basi soma."

Akasoma. Kwamba kuanzia muhula wa kwanza wanafunzi wote wa Gredi ya 7 watavaa sweta ya rangi ya damu ya mzee yenye mistari miwili shingoni, badala ya ile ya kijani. Kwamba kuna sketi mpya ya marinda, na traksuti yenye jina la shule mgongoni. Kwamba vyote vinapatikana katika duka moja mjini, likatajwa. Kwamba mtoto atakayefika Jumatatu tarehe 5 bila sare kamili atarudishwa nyumbani. Mwisho tukatakiwa heri ya mwaka mpya.

Zilikuwa zimebaki siku tano, na ukiondoa sikukuu ya Mwaka Mpya na Jumapili, siku tatu za duka kuwa wazi.

Shule sitaitaja, wala duka. Mtoto wangu bado anasoma pale, na tena wanawake watatu niliowashonea nguo za Krismasi, wote wa mitaa mingine, waliniambia wamepata ujumbe wa aina hiyo hiyo kutoka shule nyingine. Kwa hivyo naandika kuhusu tabia, na tabia hii imeenea.

Lakini kwanza nieleze tulikuwa tunafanya nini juu ya ngazi, kwa sababu mwalimu anapobonyeza kitufe cha kutuma ujumbe nadhani huwa anamwona mzazi ameketi sebuleni na pesa mfukoni, akingoja kuambiwa azipeleke wapi.

Mimi nimeolewa Nakuru, kwetu ni Kakamega. Nilipokuja hapa jambo la kwanza nililoliona ni meno ya watu. Mume wangu amezaliwa hapa hapa, na meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Katika picha za arusi yetu amefunga mdomo katika kila picha, na wageni walidhani ameozeshwa kwa nguvu. Sababu ni maji. Miamba ya volkano iliyo chini yetu huku Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, na maji yanayokaa kwenye miamba hiyo huyabeba hadi kisimani. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya eneo hili huvuka hapo. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapopungua kwenye sufuria floraidi hubaki ile ile, kwa hivyo unakunywa makali zaidi ya yale uliyoanza nayo.

Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza kwa miaka mingi machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na jirani yangu mmoja analo. Linafanya kazi, ila ule mkaa huchoka, na ukichoka sharti ubadilishwe. Mimi nilitaka njia ambayo ninaweza kuitunza mwenyewe kwa ngazi na ufagio, nayo ni maji ya mvua. Mvua haipiti kwenye mwamba.

Kitinda mimba wangu ana miaka sita. Likizo hii ameng'oka meno mawili ya mbele, na kila asubuhi anaenda kwenye kioo kuangalia kama mapya yamechomoza. Madoa hayo huingia jino lingali linajengeka ndani ya ufizi. Likishatoka limeshatoka nayo. Binti yangu wa miaka kumi na mbili tayari ana mistari, hafifu lakini ipo, na ameanza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono kama baba yake. Hapo ndipo nilipoamua kuwa tangi haliwezi kungoja mwaka mwingine.

Zamu yangu ya chama ilifika Novemba, nikapata Sh24,000. Tangi la lita 2,000 lilichukua Sh16,500. Kuna kijana alinitafutia yale matangi meupe yaliyozungushiwa vyuma, kwa bei ya kutupa, lakini nilipomuuliza lilibeba nini kabla akasema "dawa fulani ya kiwandani, lakini nimelisuuza." Nikamshukuru, nikaendelea na safari yangu. Zilizobaki zilitosha usafiri, mbao za kuwekea msingi, na magata ya upande mmoja wa paa. Upande wa pili ungelipwa na cherehani ya Desemba, mwezi ambao fundi wa nguo akilala mapema ni mgonjwa. Kila jioni nilitia kitu katika mkebe wa vifungo. Kufikia Krismasi mkebe ulikuwa na Sh5,400, na hiyo ndiyo ilikuwa bei ya magata ya upande wa pili pamoja na vishikizi, bomba na kona zake.

Fundi hatukuita. Mume wangu huendesha lori kati ya Mombasa na Malaba, na siku anazolala nyumbani kwa mwezi zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alitupa siku nne za Krismasi. Msingi wa tangi tuliumaliza naye: mawe, kokoto, zege, tukalimwagia maji siku tatu ili likauke taratibu lisipasuke. Magata akatuachia.

Kijana wangu ni wa kundi la kwanza kabisa la Gredi ya 10 nchini, wale wanaoripoti tarehe 12. Akaja na mpango wake: paa letu lina urefu wa mita tisa, na gata linahitaji kushuka sentimita moja kila mita, kwa hivyo mwisho wake uwe chini ya mwanzo kwa sentimita tisa. Tukaweka alama. Tukatumia mpira mwembamba unaoonekana ndani, uliojazwa maji, maana maji ya ncha mbili za mpira hukaa usawa mmoja hata kona ya nyumba ikiwa katikati. Baba yake alimfundisha hilo kwenye zege na amelipenda mno. Siku mbili nzima alipima kila kitu, pamoja na meza yangu ya kukatia, ambayo sasa najua imeinama.

Mara ya kwanza tulikosea. Si mteremko, ule ulikuwa sawa. Tuliweka vishikizi vikiwa mbali mno, karibu mita mbili kimoja hadi kingine, kwa kubana matumizi. Tulipomimina ndoo ya maji, gata likalegea katikati kama tumbo la ng'ombe na maji yakasimama hapo. Maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu. Kijana akakasirika, akasema gata ni bovu. Nikamwambia nguo ikiharibika tusianze kuulaumu uzi. Tukashusha, tukaongeza vishikizi vikawa kila mita moja, tukapandisha tena. Siku nzima iliishia hapo.

Kisha kuna lile bomba la maji ya kwanza. Mvua ikianza huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya mabati, na uchafu huo hutaki uingie tangini. Kwa hivyo kabla ya tangi tumesimamisha bomba la inchi nne, urefu wa mita moja na nusu, lililozibwa chini. Hubeba takriban lita 12. Maji machafu hujaza hapo kwanza, likijaa ndipo masafi yanapopita kwenda tangini, na mvua ikiisha unafungua kizibo cha chini, unamwaga. Ya kunywa bado tunayachemsha, lakini sasa tunachemsha kwa sababu ya vijidudu tu, na hao moto unawamudu.

Binti naye alikuwa na kazi yake. Alichukua mkebe wa maziwa ya unga wenye pande zilizonyooka, akauweka katikati ya uwanja pasipo mti wala paa, na kila mvua ikinyesha anapima kwa rula. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nusu ya paa letu ni mita 27 za mraba. Mvua ya kwanza baada ya gata kukamilika aliipima milimita 14, akazidisha, akapata lita 378. Akaenda kuchovya fimbo tangini, akarudi amekunja uso: zilikuwa kama 300. "Mama, zile nyingine zimeenda wapi?" Ikabidi tukae tuwaze. Lita 12 ziko kwenye bomba la uchafu. Nyingine zilikaushwa na mabati yaliyokuwa ya moto. Nyingine ziliruka nje ya gata upepo ulipovuma. Aliandika yote kwenye daftari, na wala hakuna mwalimu aliyemwagiza.

Hapa niseme neno moja kuhusu tuisheni za Desemba, halafu niendelee. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya likizo, na bado mtaani kwetu watoto walibeba vitabu kila asubuhi kama kawaida. Jirani mmoja aliniuliza kama sioni wangu wanapoteza wakati juu ya paa. Huu mtaala mpya wa umilisi umetuagiza sisi wazazi tutengeneze sanamu za kutisha ndege na kupiga picha tukiwa tumeshika jembe, na tumefanya, wakati mwingine usiku wa manane watoto wakiwa wamelala. Sasa mtoto akitengeneza kitu cha kweli nyumbani, inakuwa amepoteza wakati?

Kazi nyingine za likizo nizitaje kwa haraka. Banda la kuku lilipata mlango. Sanduku la bati ambalo mume wangu alienda nalo shule ya upili mwaka 1999 lilishushwa kutoka darini, likapigwa msasa, likanyooshwa mabonde kwa nyundo juu ya kitambaa, bawaba mpya mbili, na rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango. Jina la baba mtu lilikuwa bado linasomeka kwenye kifuniko. Kijana alipaka sanduku zima, lakini hapo akaacha. Orodha yake ya Gredi ya 10 pia ilikuja kwa kuchelewa, ila hilo simlaumu mtu: ndio kwanza njia inalimwa, na mtoto hawezi kupewa orodha ya shule kabla hajajua amepangiwa shule gani.

Binti yangu hakupangiwa kokote. Alikuwa pale pale, anahama kutoka darasa moja kwenda jingine katika uwanja ule ule. Shule ilifungwa mwishoni mwa Oktoba. Siku ya kufunga nilikwenda mwenyewe, nikaketi kwenye benchi, nikapewa fomu ya matokeo, nikaambiwa karo ya Januari haijabadilika. Hakuna aliyesema sweta. Na sweta hazifumwi kwa siku moja, Mhariri. Mimi ni fundi, najua. Ili duka liwe na sweta za ukubwa mbalimbali, zenye mistari miwili shingoni, tayari kwenye rafu tarehe 30 Desemba, mtu aliagiza miezi miwili nyuma au zaidi. Kwa hivyo Oktoba nilipokuwa kwenye lile benchi kuna watu walijua. Mwenye duka alijua. Mimi mwenye kulipa ndiye niliyeambiwa mwisho.

Hapa nakiri nina maslahi. Nashona sare. Kibanda changu kiko karibu na steji, na Januari ndiyo mavuno yangu kama ilivyo Desemba. Kila shule inayofunga wazazi katika duka moja inanipunguzia ugali. Msomaji akitaka kunipuuza kwa sababu hiyo ana haki yake, ila asikilize kwanza habari ya pindo.

Mtoto wa miaka kumi na miwili hurefuka kama mahindi ya Aprili. Nikimshonea sketi huacha pindo la inchi tatu, na pembeni kwenye mshono wa kiuno huacha inchi moja kila upande. Muhula wa pili nafumua, nashusha inchi moja. Muhula wa tatu nashusha nyingine. Mwaka unaofuata nashusha kidogo tena, nikiacha cha kukunjia, na kupanua kiuno. Mzazi hununua sketi moja kwa miaka miwili. Sketi ya dukani ina pindo la nusu inchi lililopigwa ovaloki, na mshono wa pembeni haukuachiwa kitu. Kufikia Agosti imepanda juu ya goti, mwalimu wa zamu anamfukuza mtoto, na mzazi anarudi duka lile lile. Sijui kama aliyeibuni alifikiria hivyo. Najua tu inavyofanya kazi nikiigeuza ndani nje.

Bei za duka hilo: sweta Sh1,500, sketi Sh1,450, traksuti Sh2,300. Jumla Sh5,250. Mkebe wa vifungo ulikuwa na Sh5,400. Binti alizijumlisha kabla sijashuka kwenye ngazi, akanyamaza. Baadaye nilimkuta jikoni amevaa ile sweta ya kijani, niliyomnunulia Mei, anavuta mikono yake chini ili ionekane bado inamtosha. Inamtosha, kweli. Haina hata tundu.

Nilimpigia mume wangu, alikuwa Mariakani anangoja kupimwa uzito. Akasema, "Mama Watoto, magata hayana mwalimu wa kuyarudisha nyumbani. Nunua sare." Ni kweli, na ndiyo hesabu tunayoifanya wazazi kila mwaka: lenye mlango wa kufungiwa hulipwa kwanza. Watu hucheka wakiita mwezi huu Njaanuari, wakisema tulikula pesa zote kwa chapati za Krismasi. Katika nyumba yangu chapati zilikuwa ishirini na nne na nyama kilo mbili. Kilichonitoa pumzi ni ujumbe mmoja wa mistari minane.

Nilijaribu pia kuzungumza na shule. Mwalimu aliyepokea simu alikuwa mpole. Alinieleza kuwa wakiwaacha wazazi wanunue popote, rangi hazilingani, gwaride linakuwa kama soko. Hoja hiyo ina uzito. Mimi mwenyewe nimeona majora mawili ya kitambaa kutoka kiwanda kimoja, rangi moja kwa jina, ukiyaweka juani ni kama mtu na binamu yake. Lakini dawa yake si ngumu. Shule ibandike ofisini kipande cha kitambaa, iandike aina yake na idadi ya marinda, na fundi yeyote aje akilinganishe. Nembo shule iiuze yenyewe, sisi tutaishona kifuani. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya zamani, na gwaride lilipendeza. Wizara nayo imekariri mara kadhaa kwamba mzazi hapaswi kulazimishwa duka, na mwalimu alipolisikia hilo alicheka kidogo, akasema atamfikishia mkuu.

Ninachoomba ni kidogo. Siku ya kufunga shule Oktoba, fomu ya matokeo inapotolewa, orodha ya Januari iwe imebandikwa nyuma yake. Daftari ngapi, karatasi ngapi, sweta ya rangi gani. Mzazi akiijua orodha Oktoba, anaigawa katika miezi miwili na nusu. Ningeshona sketi Novemba kwa vitambaa vya bei ya jumla, ningenunua sweta wakati wa zamu yangu ya chama, na bado ningepandisha magata Desemba. Na shule ikitaka kubadilisha sare, basi watoto wenye nguo za zamani ambazo hazijachakaa waachwe wazimalize. Kijani na damu ya mzee wanaweza kuketi dawati moja mwaka mzima na hisabati ikafundishwa.

Jumatano niliingia dukani. Foleni ilianzia ndani ikapita mlangoni hadi kwa muuza njugu. Wazazi wenzangu wengi walikuwa na ujumbe umefunguliwa kwenye simu, wanausoma tena na tena kana kwamba labda bei itabadilika. Nilinunua sweta, na traksuti kwa sababu ya yale maandishi ya mgongoni. Sketi niliikataa. Niliigeuza, nikaiangalia kitambaa, nikahesabu marinda, nikairudisha kwenye meza. Muuzaji akaniambia, "Mama, shule itajua." Nikamwambia, "Wacha ijue." Nikapitia kwa mwenye majora ninayemnunulia kila wiki, nikapata kitambaa kile kile, Sh620. Mkebe ukabaki na Sh980, ambazo hazinunui hata kona moja na bomba la kuunganisha.

Ijumaa jioni ikanyesha. Mwenye kukaa Nakuru anajua mvua kama hiyo, ya mwisho mwisho, kabla ya ukavu wa Januari na Februari: inakuja na upepo kutoka upande wa Menengai, inapiga nusu saa, inaondoka, na usiitafute tena kwa wiki nyingi. Upande wenye gata tulisikia maji yakiporomoka tangini, sauti nzuri kuliko redio. Upande wa pili yalitiririka kutoka kwenye mabati moja kwa moja hadi kwenye tope. Watoto wakatoka mbio, wakapanga sufuria, beseni, ndoo ya kufulia, hata ile sinia kubwa ya arusi, yote chini ya ukingo wa paa. Kitinda mimba alishika kikombe chake juu kwa mikono miwili, akiwa ameloa chepechepe, na lile pengo lake wazi. Nikamwita aingie ndani asipate homa, akajibu bado hakijajaa.

Binti alipima mkebe wake: milimita 21. Akahesabu nusu tuliyoipata na nusu tuliyoikosa. Kwa jinsi tunavyotumia mitungi miwili kwa siku, ya kunywa na kupika tu, nusu iliyokwenda kwenye tope ilikuwa maji ya siku kumi na moja hivi, baada ya kutoa yale yanayopotea njiani. Hiyo ni siku kumi na moja za kurudi kwenye kioski cha kisima. Aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari.

Naandika haya Jumapili usiku. Sketi nimemaliza saa tatu na nusu. Marinda ni yale yale, rangi ni ile ile, pindo ni inchi tatu. Imetundikwa mlangoni pamoja na sweta mpya. Nimempa binti kipande cha kitambaa kilichobaki, upana wa kiganja, akitie mfukoni, ili kesho langoni mwalimu wa zamu akitaka kulinganisha asikose cha kulinganisha nacho. Akirudishwa nyumbani, Mhariri, nitakuandikia tena.

Mama wa Watatu,
Fundi wa cherehani,
Lanet, Nakuru